Tuta Moja, Migongo Miwili

Shangazi akiulizwa mgongo ulipatwa na nini, hujibu kwa neno moja: "Nilianguka." Anayesikia hudhani ni kwenye ngazi, au kisimani, au alikuwa anaangua ubuyu. Hasemi kwamba alianguka akiwa amekaa. Mimi nilikuwepo, tulikaa bega kwa bega, na naapa alianguka kutoka kwenye siti kwenda kwenye siti ileile.

Tulikuwa tunatoka Bahi kwenye arobaini, Jumapili jioni, tumepanda Kosta inayorudi Dodoma mjini. Jina la gari sitalitaja, na dereva nilishamsamehe. Siti zilizobaki zilikuwa zile za nyuma kabisa zilizoungana, ambazo konda akishaanza kusema "sogeeni sogeeni" hubeba watu wengi kuliko walivyokusudia walioziunda. Mimi nilikaa dirishani, shangazi pembeni yangu, na debe la mchele wa Bahi katikati ya miguu yake. Kabla ya kufika Nala kuna tuta ambalo rangi yake nyeupe ilishaliwa na matairi na vumbi. Dereva aliliona limeshafika chini ya pua ya gari. Magurudumu ya mbele yakapanda, walio mbele wakasema "aaah!" kwa pamoja, kisha yakapanda ya nyuma, na sisi tukaruka.

Nakumbuka paa likinijia usoni. Nakumbuka ndoo ya plastiki ya mtu ikiacha mizigo na kuelea hewani, mfuniko upande huu, ndoo upande ule. Nikarudi chini kwa kishindo, meno yakagongana. Shangazi naye akarudi chini. Hakupiga kelele. Alitoa kisauti kidogo, kama mtu aliyekumbuka kitu alichosahau nyumbani, halafu akanishika mkono.

"Baba," akasema. Huniita baba kwa kuwa nimerithi jina la babu, baba yake mzazi. "Baba, miguu yangu ipo?"

Ilikuwepo. Gari liliposimama, vijana wawili wema kabisa wakaja kumsaidia, mmoja kamshika kwapani, mwingine magotini, wakaanza kumkunja kama mkeka. Nilipiga ukelele ambao nadhani ulisikika Kigwe. Mama mmoja anayeuza chai kando ya barabara akatoa benchi lake la mbao, tukamlaza hapo chali, tukamfunga kwa kanga mbili, na ndivyo alivyoingia mjini, amelala katikati ya gari juu ya benchi la watu, akiuliza mchele wake uko wapi.

Picha ya eksirei ilionyesha pingili moja ya kiunoni, ile ya kwanza chini ya pingili zenye mbavu, imebonyea upande wa mbele kama kipande cha mkate kilichokaliwa. Daktari hakushangaa hata kidogo. Akauliza, "Mlikaa nyuma?" Mishipa ya fahamu inayopita ndani ya uti wa mgongo ilikuwa salama, miguu inasikia, Mungu ni mwema. Wiki za kulala, mkanda wa mgongo, vidonge, mazoezi ya fizio. Mimi, niliyeruka naye na kutua naye, nilikaza shingo siku mbili. Nina miaka 36. Yeye ana 61.

Swali ndilo hilo hapo. Tuta moja, siti moja, sekunde moja. Kwa nini yeye?

Kwa wasionijua, nafundisha fizikia sekondari nje kidogo ya mji. Natakiwa kufundisha kwa Kiingereza, na ninafundisha, ila mlinganyo ukigoma kuingia nafunga mlango nateremsha Kiswahili, unaingia. Usiku ule wa kwanza, nikiwa kwenye benchi nje ya wodi (na mimi nilikuwa na benchi langu), nilianza kutafuta kwenye simu namna wataalamu wanavyokadiria kama mgongo wa mtu utahimili kishindo au la. Nilitegemea kukuta habari za magari. Nilichokuta kwa wingi kilikuwa viti vinavyowarusha marubani nje ya ndege za kivita, na kapsuli, vile vyumba vidogo wanavyorudia wanaanga duniani. Siku zote nilidhani hatari ya kwenda angani ni roketi kulipuka, au ule moto wa kurudi kwenye hewa ya dunia. Kumbe kuna watu kazi yao ya maisha ni robo sekunde ya mwisho, pale chombo kinapogusa chini.

Chukua Soyuz, chombo cha wanaanga cha Warusi. Inashuka kwenye nyika ya Kazakhstan, tambarare kavu ambayo ukiiona pichani utadhani ni Bahi mwezi wa tisa, ukiondoa mibuyu. Inaning'inia chini ya parachuti yenye eneo la mita za mraba kama 1,000, na kasi yake imebaki kama mita 7 kwa sekunde. Inasikika ndogo. Lakini ni kasi ileile utakayokuwa nayo ukianguka kutoka kimo cha mita 2.5, yaani kutoka darini hadi sakafuni, umefungwa ndani ya pipa la chuma. Ndiyo maana, chombo kikiwa kimebakiza chini ya mita moja kufika ardhini, roketi ndogo za kitakoni huwaka mara moja na kufuta sehemu kubwa ya kasi hiyo. Zikifanya kazi vizuri inabaki kama mita 1.5 kwa sekunde, ambayo ni sawa na kudondoka kutoka sentimita 11 au 12. Umeshuka kibaraza.

Zisipofanya kazi, unashuka ghorofa. Januari 1969 Boris Volynov alirudi peke yake ndani ya Soyuz 5, kamba za parachuti zikajisokota, roketi hazikumsaidia, akatua kwenye theluji ya milima ya Ural kwa kishindo kilichomvunja meno. Alitembea mwenyewe kutafuta joto. Miaka miwili kabla yake, Aprili 1967, Vladimir Komarov hakuwa na parachuti iliyofunguka ipasavyo, na hapo hakuna hesabu ya majeraha ya kufanya.

Sasa hesabu yenyewe, ambayo ni nyepesi kiasi cha kuudhi. Chukua kimo ulichoanguka, gawanya kwa umbali uliotumia kusimama. Jibu ni g, yaani kishindo ni mara ngapi ya uzito wako wa kila siku. Ni wastani, kilele huwa juu zaidi, lakini kwa kidato cha tatu na kwa shangazi inatosha. Wiki iliyofuata nilikwenda stendi na futikamba. Konda mmoja alicheka mpaka akaita wenzake, lakini aliniruhusu. Sponji ya siti ya nyuma ya Kosta yake, ukiikandamiza kwa goti, inabaki vidole viwili vyembamba, halafu unakutana na bomba la chuma. Tuseme sentimita 2. Na tuseme tuliruka sentimita 30, maana kichwa changu hakikufika paani ila kilikaribia. Gawanya. Ni g 15. Sponji ile ingekuwa bado hai na ikashuka sentimita 10, ingekuwa g 3, na leo nisingekuwa naandika.

Na kwa nini tuliruka sentimita 30 wakati wa mbele waliishia kusema "aaah"? Kwa sababu siti ya mwisho iko nyuma ya ekseli ya nyuma. Gari likipanda tuta kwa matairi ya nyuma, mkia unarushwa kama ncha ya ubao wa pembea, na sisi ndio tulikuwa nchani. Halafu mkia unaanza kurudi juu wakati wewe ndiyo kwanza unashuka. Mnakutana njiani.

Kuna jambo la pili ambalo ni zito kuliko ukubwa wa kishindo: kimeingilia upande gani. Daktari wa jeshi la anga la Marekani, John Stapp, tarehe 10 Desemba 1954 alifungwa kwenye kiti juu ya reli huko New Mexico, roketi zikamsukuma hadi kilomita 1,017 kwa saa, kisha akasimamishwa kwa sekunde 1.4. Mwili wake ulipata g 46.2. Macho yalivilia damu, kwa muda hakuona kitu, na baadaye akaishi hadi 1999, akafa na miaka 89. Ukimsimulia shangazi habari hii anasema huyo alikuwa mchawi. Lakini Stapp alikuwa amekazwa kwa mikanda kila mahali, na nguvu ile ilipita kifuani kwenda mgongoni, haikupanda pingili moja baada ya nyingine kutoka matakoni. Uti wa mgongo ni kama vikombe vya chai vilivyopangwa na mama ntilie: usukume mnara mzima kwa kiganja kipana, utasogea, ugonge kwa juu, kikombe kimoja kitapasuka, na karibu kila mara ni kilekile. Pale pingili zilizoshikwa na mbavu zinapoishia na zile zisizoshikwa kuanzia, ndipo pingili ya shangazi ilipo.

Kwa hiyo mwanaanga hatui amekaa. Analala chali, magoti juu, kishindo kinamwingia kwa mgongo mzima kwa wakati mmoja. Kwenye Soyuz wanakwenda mbali zaidi: kila mtu anachukuliwa umbo la mgongo wake kwa plasta, kama wanavyofanya mafundi wa meno, na kiti kinatandikwa ganda linalomkaa yeye tu. Huwezi kuazima la mwenzako. Kabla ya kutua, kiti chenyewe kinainuliwa ili kiwe na nafasi ya kushuka juu ya shokapu yake. Zile sentimita chache za kushuka ndizo umbali wa kugawanyia kwenye hesabu yetu. Soyuz ina hesabu za watu wasioona aibu kuhangaika na sentimita.

Hapo ndipo nikafika kwa James Brinkley. Alikuwa mtafiti katika kituo cha jeshi la anga cha Wright-Patterson, Ohio, na kanuni inayobeba jina lake ndiyo ambayo NASA, shirika la anga la Marekani, imeitumia kwa miaka kupima miundo ya kapsuli. Nilitegemea kitu cha kutisha. Nikakuta pikipiki. Yaani mwili wa binadamu umechorwa kama mzigo uliokaa juu ya springi, pembeni yake shokapu, basi. Unaupigisha kishindo kwenye kompyuta, unatazama springi imebonyea kiasi gani, na kutokana na hapo unasema hatari ya kuumia ni ndogo, ya wastani au kubwa. Nilimchorea fundi wangu wa bodaboda hapa Chang'ombe, akauliza tu, "Springi yake ngumu au laini?" Ndilo swali sahihi, na kuna watu wana shahada ambao hawakuliuliza.

Kwa mwelekeo wa uti wa mgongo, kipimo cha Brinkley, yaani kule kubonyea kwa springi kukiandikwa kwa g, kikifika 15.2, watu 5 kati ya 1,000 wataumia. Kikifika 18, watu 5 kati ya 100. Kikifika 22.8, nusu ya watu. Nilisoma namba hizi mara tatu kabla ya kuona kilichofichwa ndani yake. Toka 15.2 hadi 22.8 umeongeza nusu tu. Hatari imeongezeka mara 100. Ndiyo maana dereva anaweza kuliruka tuta la Nala kila siku kwa miaka na asivunje mtu, siku moja akaongeza mguu kidogo, kidogo tu, halafu anakuapia kwa dhati kwamba alikuwa kwenye mwendo wake wa kawaida. Na wala hadanganyi.

Halafu nikauliza swali la mwalimu wa kata: hizo 5 kati ya 1,000 zilitoka kwa akina nani? Zilitoka kwa wanajeshi waliojitolea na marubani walioruka na viti vyao. Vijana, karibu wote wanaume, wazima wa afya, mikanda imekazwa hadi pumzi inapungua. Hakuna mwenye miaka 61 humo. Hakuna mwenye debe katikati ya miguu. Springi iliyopimwa ni ya kijana, na mimi ndiye kijana kwenye hadithi hii, japo wanafunzi wangu wanabisha. Kishindo kilekile kilichoniweka mimi kwenye "hatari ndogo" kilimkuta shangazi mifupa imeshapungua bila yeye kujua, na kikamweka kwenye nusu kwa nusu. Nimeshaona watu wakitamka asilimia kama vile ni tabia ya tuta. Ni tabia ya tuta na mgongo kwa pamoja.

Wenye kapsuli wanalijua hili kwa sababu tatizo lao ni kama la shangazi. Mtu aliyekaa angani bila mazoezi hupoteza kama asilimia 1 hadi 1.5 ya mfupa wa nyonga kwa mwezi mmoja. Mama mtu mzima hupoteza kiasi kama hicho kwa mwaka. Misuli inayoshika mgongo inalegea kwa kukosa kazi, na uti wa mgongo unajinyoosha, wengine wanarefuka hadi sentimita 5, pingili zimeachana, diski zimevimba. Mtu huyo ndiye unayemwangusha jangwani. Alipanda akiwa na mgongo wangu, anashuka na mgongo wa shangazi. Aprili 2008 Soyuz TMA-11 ilirudi kwa njia isiyokusudiwa, ikashuka wima zaidi, waliomo wakabanwa na g zipatazo 8, wakatua zaidi ya kilomita 400 kutoka mahali walipokuwa wakisubiriwa. Yi So-yeon, Mkorea wa kwanza kwenda angani, alipelekwa hospitali kwa maumivu ya mgongo aliporudi kwao. Na yeye alikuwa amekaa juu siku zipatazo 11 tu. Mwenzake Peggy Whitson alikuwa na miezi sita.

Kwa hiyo siku hizi Brinkley peke yake haaminiwi. Mwaka 2016, kituo cha NASA cha Langley, Virginia, waliidondosha kapsuli ya Orion kwenye bwawa la maji ikiwa na midoli miwili ya majaribio, mmoja wa uzito wa mwanamke mdogo wa kilo kama 48, mwingine wa mwanamume mkubwa wa kilo 100, wote wamevaa suti na kofia, maana kofia nzito juu ya shingo nyembamba ina hesabu yake. Mdoli umejaa vipimo shingoni, kifuani na kiunoni. Kilichonigusa ni ule wa kilo 48. Shangazi ana 51, na sijawahi kuona basi lililoundwa kwa kumfikiria yeye.

Na msidhani maji ni godoro. Orion chini ya parachuti zake tatu inagonga bahari kwa kilomita kama 30 kwa saa. Siri ni kuingia kwa ukingo, kama mwogeleaji anavyotanguliza vidole, ndiyo maana kapsuli za Apollo zilining'inizwa zikiwa zimeinama. Novemba 1969 Apollo 12 ilikuwa inayumba na upepo, wimbi likainuka wakati mbaya, wakakutana bapa kwa bapa. Kishindo kilifika g 15 hivi, namba yetu ya Nala. Wanaanga watatu waliolala kwenye viti vyao hawakuvunjika pingili. Aliyeumia ni Alan Bean, na aliyemuumiza ni kamera iliyochomoka mahali pake ikampiga juu ya jicho, akapotewa na fahamu kidogo, akashonwa. Mtu kenda mwezini, katembea, karudi, kapigwa na kamera. Niliposoma hapo nikaikumbuka ile ndoo inayoelea. Haikumpata mtu, ilitua kwenye mchele.

Jambo jingine wanalolipima, na sisi hatulipimi, ni kama mtu ataweza kutoka mwenyewe. Kifundo cha mguu kikivunjika hapa mjini ni plasta na pole. Kikivunjika ndani ya kapsuli iliyopinduliwa na mawimbi, kichwa chini, waokoaji wako mbali, kinaweza kukuua, kwa sababu unatakiwa kufungua mkanda, kufungua mlango na kuogelea. Kwa hiyo jeraha linapimwa pia kwa kazi litakayokuzuia kuifanya. Kwa kipimo hicho wale vijana wawili wema walikuwa sehemu ya ajali. Tuta lilibonyeza pingili. Kukunjwa kama mkeka kungeweza kuchukua miguu.

Hesabu moja niliwapa kidato cha nne, nikaiweka na hapa kwa sababu ilinishangaza mwenyewe. Kapsuli ina watu 3, kila mmoja ana hatari ya asilimia 5. Uwezekano kwamba angalau mmoja ataumia ni ngapi? Unachukua 0.95, unaizidisha yenyewe mara tatu, unatoa kwenye moja: asilimia 14. Sasa Kosta ina abiria 30, kila mmoja ana hatari ya nusu asilimia tu, ile "ndogo". Fanya hivyohivyo. Asilimia 14. Binti mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, kwa hiyo Kosta ni roketi?" Darasa likapasuka. Nikamwambia hatari za abiria hazilingani, wa nyuma anabeba na za wa mbele. Lakini alikuwa amenipata.

Vitendo tulifanya kwa mayai, trei moja, kutoka juu ya mnara wa simtanki. Parachuti zilikuwa shida, maana mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, tukakata viroba na vitambaa. Kijana mmoja alizungushia yai lake ugali wa jana. Yai lilipona, ugali haukupona. Walioshindilia sponji kavu ndani ya kopo dogo walipata kachumbari. Aliyeshinda ni binti yuleyule wa roketi. Alikata tyubu ya baiskeli vipande vyembamba, akalining'iniza yai katikati ya kopo la rangi lisiguse popote, limelala kwa ubavu. Nilimuuliza kwa nini amelilaza, akasema kwa sababu shangazi yako alikuwa amekaa. (Nilikuwa nimewasimulia. Nawasimulia kila kitu.) Na sababu yake si sawa lakini jibu ni sawa: mwaka 2025 watafiti wa chuo cha MIT huko Marekani walionyesha kwamba yai likianguka kwa ubavu hupona zaidi kuliko likianguka wima, kwa kuwa ubavuni linabonyea kidogo kabla ya kupasuka. Linajitafutia umbali wa kusimama.

Shangazi alivua mkanda wa mgongo baada ya miezi mitatu. Ukimsalimia "shikamoo" anaitikia "marahaba" akiwa amenyooka kuliko zamani, kwa woga au kwa mazoezi, sijui. Nilimnunulia kipande cha godoro gumu, nikakibandika juu ya kingine laini, nikakishonea mfuko wa kitenge. Nilimweleza kwa nini ngumu na laini vikae pamoja, akaniambia nisimfundishe, alikuwa anashona magodoro ya pamba kabla sijazaliwa. Baada ya wiki mbili mto ule ulikuwa umeshachukua umbo lake, bonde mbili na kilima katikati, na akapiga marufuku mtu mwingine kuukalia. Wajukuu wanauogopa kuliko mjeledi.

Mwezi uliopita tulirudi Bahi. Konda alituona kwa mbali akaita, "Bibi njoo, nyuma kuna nafasi!" Shangazi akapita mlangoni polepole, akahesabu siti kwa kidole, akasimama ya tatu, katikati ya matairi ya mbele na ya nyuma kama nilivyomwonyesha kwa mwiko na kopo la chumvi mezani. Palikuwa na kijana amekaa. Sijui alimwambia nini sikioni, ila kijana alinyanyuka na kwenda nyuma. Shangazi akaweka mto wake, akaukandakanda, akakaa, akafunga mkanda ambao mwenye gari mwenyewe nadhani alishasahau kwamba upo.

Konda akafika kukusanya nauli, akautazama ule mto wa kitenge.

"Bibi, huo mzigo unalipiwa."